Je, inajuzu kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi Mtanzania, nahudumu mezani katika hoteli moja ya kisiwani Maldivi. Sevisi chaji yetu, yaani ada ya huduma wanayolipa wageni, inakatwa bila maelezo. Wenzangu, wengine si Waislamu, wananiita chamani, lakini nilipoajiriwa nilisaini kwamba sitajiunga. Mwenzetu mmoja anasema kugoma ni fitna. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah.

Kujiunga kunajuzu. Katika sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa al-As bin Wail wa Makka, akadhulumiwa pesa yake. Wakubwa aliowaendea wakamgeuzia mgongo. Akapanda mlima Abu Qubays jua likichomoza, Makureshi wamekaa kuizunguka Al-Kaaba, akalia dhulma yake kwa sauti. Ndipo watu wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja na aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume (s.a.w.) alikuwapo, kabla ya utume, na baadaye alisema lau angeitiwa kiapo mfano wa hicho katika Uislamu angeitika. Walioapa naye walikuwa washirikina, basi dini za wenzako zisikutie wasiwasi. Tazama mnasaidiana katika nini (Al-Maida: 2).

Ama ile saini, kutimiza mikataba ni amri ya Allah, si jambo la kuchezea. Lakini katika hadithi ya Tirmidhi, Waislamu hufungwa na masharti yao isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Sharti la kumziba mtu mdomo asidai ujira wake silioni kuwa na uzito. Na nchi yenyewe imekwishaamua: ibara ya 31 ya Katiba ya Maldivi ya 2008 inatoa uhuru wa kugoma, sheria ya ajira ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri aigawe sevisi chaji kwa wafanyakazi, na mwaka 2013 waliridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu uhuru wa vyama. Huyo anayeogopa fitna aanze na anayekata pesa za watu.

Mgomo nao una mipaka. Tangulizeni barua na mazungumzo. Siku mlizogoma msizidai ujira, kwa sababu hamkufanya kazi. Msiharibu mali, msimpige asiyegoma. Tena kisiwa cha hoteli si mji. Maji ya kunywa yanatoka kwenye mtambo wa kuondoa chumvi ya bahari, mtambo unaendeshwa na jenereta, na mgonjwa hana njia ila boti. Wanaoshika kazi hizo wabaki kazini. Kuwaacha watu na kiu, wenzenu wakiwemo, haijuzu.

Je, ni wajibu kwako wewe? Hapana. Kibali chako cha kazi kiko mikononi mwa mwajiri, na huenda kuna watoto nyumbani wanaoula mshahara huo. Ukihofia kurudishwa, una udhuru. Ila usishike zamu ya aliyegoma, wala usipeleke majina yao ofisini.

Wallahu aalam.