Muulize Mwalimu: Mwanga wa nyota iliyolipuka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi wavuvi wa dagaa usiku wa giza tunakesha ziwani, nyota tunazijua. Kijana wangu wa kidato cha nne anasema nyota ikilipuka hung'aa miezi kadhaa. Bomu hulipuka mara moja likaisha. Huo mwanga unatoka wapi? Na mionzi yake haitudhuru? – Mvuvi, Kayenze, Mwanza

JIBU: Marahaba. La usalama ni fupi: miali ya gama, yaani mionzi yenye nguvu kubwa kabisa, ikitoka angani huzuiwa na hewa. Ndiyo maana vifaa vya kuipima hupandishwa juu kwa setilaiti au maputo. Vua dagaa wako kwa amani.

La mwanga ndilo tamu. Joto la mlipuko wenyewe kweli hupoa upesi. Kinachobaki kuwaka ni unururifu, yaani atomi zisizotulia zinazogeuka na kutoa mionzi. Mlipuko huunda nikeli-56, ambayo haitulii: kwa siku sita hivi nusu yake hugeuka kobalti-56, nayo kobalti hupungua nusu kila siku 77, ikigeuka chuma. Katika kugeuka huko hutoka miali ya gama, inanaswa na mabaki mazito, inayapasha moto, nayo yanang'aa.

Walijuaje? Februari 1987 ililipuka nyota katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Ilionekana kwa macho tu. Aliyekuwa Ukerewe angeiona kusini, upande wa Mwanza mjini. Baba yangu mdogo alikuwa akivua Nansio mwaka ule. Naamini aliipita, maana kisichokuwa samaki hakimhusu.

Sasa, gama za kobalti-56 zina nishati zake maalumu, kiloelektroni-volti 847 na 1,238, kama namba iliyopakwa ubavuni mwa mtumbwi. Agosti ya mwaka uleule, setilaiti ya Marekani iitwayo Solar Maximum Mission, iliyorushwa 1980 kuchunguza Jua, ikaanza kuzinasa. Wataalamu walishtuka: mapema mno! Kobalti ilitarajiwa kubaki imefunikwa muda mrefu zaidi. Kumbe mlipuko ulikuwa umevuruga matumbo ya nyota, ya ndani yakatokeza karibu na nje.

Mwaka 2014, setilaiti ya Ulaya, Integral, ilinasa namba hizohizo kutoka nyota iliyolipuka katika galaksi ya M82, mbali zaidi mara nyingi.

Nikeli ya mwaka 1987 ilikuwa na uzito wa dunia zetu zaidi ya 20,000. Kijana achore grafu ya kobalti iliyotokana nayo, kila siku 77 agawe kwa mbili. Kuanzia miezi minne hivi baada ya mlipuko, kwa zaidi ya mwaka, nyota ile ilififia karibu sawa na mstari wake.