"Mzungu Yuko Wapi?"

Mhariri, mbukwenyi. Swali lenu la juma hili linauliza: mtaani kwako nani anakubalika na nani anakataliwa, hata kama wote wanafanya jambo lilelile? Mimi ni dalali wa vyumba hapa Dodoma, mwaka wa nane huu, na swali hilo naulizwa kila siku kwa sura nyingine: "Mteja wako ni mtu wa aina gani?" Mwenye nyumba anaanza na hilo, habari ya hela inafuata baadaye. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 wageni ni wengi kuliko vyumba, kwa hiyo anaweza kuchagua.

Nina mama mmoja mwenye nyumba tatu Ilazo. Mcha Mungu, mkarimu, hajawahi kunipunja hata senti ya udalali. Sitoki kwake bila kula ugali wa uwele na mlenda. Nalisema hili mapema msije mkadhani nina kisirani naye.

Mwaka jana nilimpelekea nesi mwenye mtoto mmoja, ameachana na mumewe. Kodi ya miezi sita anayo taslimu kwenye mkoba. Mama akamtazama kidole. "Mume yuko wapi, mwanangu?" Nesi akasema ukweli, na palepale chumba kikawa kimeshachukuliwa na mtoto wa dada yake mama. Wiki hiyohiyo chumba hichohicho akapewa kijana wa kizungu aliyekuja kujitolea kufundisha. Mchumba wake anaingia Ijumaa anatoka Jumatatu. Mwezi uliofuata akaja mchumba mwingine. Nikamuuliza mama kwa utani kama na hao ni watoto wa dada. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzetu ndivyo walivyo, baba. Utamaduni wao."

Nesi hakuwa hata na mtu wa kumleta.

Mkidhani kinachoheshimiwa ni ugeni, sikilizeni hili. Nilimpigia mama simu kwamba nina Mmarekani, mhandisi wa maji, anataka nyumba nzima. Kodi ikapanda kutoka laki nne hadi laki saba kabla sijakata simu, na binti akatumwa kufua mapazia. Tulipofika getini mama akatoka na kitenge kipya, akampa yule bwana mkono, kisha akachungulia barabarani nyuma yetu. "Mzungu yuko wapi?" Nikasema ndiye huyu, mama. Akanivuta pembeni. "Huyu si Msukuma huyu?"

Yule bwana hakujua Kiswahili, lakini mtu akikusalimia huku anamtafuta mwingine nyuma ya mgongo wako huhitaji mkalimani. Kodi ilirudi laki nne, mtasema nafuu. Masharti ndiyo yaliongezeka: alipe mwaka mzima, alete barua ya serikali ya mtaa, alete na mdhamini. Yule kijana wa kujitolea hakuombwa hata kitambulisho. Ndani ya bajaji, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, tukaongea. Akaniambia kwao kuna sheria tangu 1968 inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake, na kwamba hiyo "imeshachukuliwa" anaijua tangu utoto. Alimsikia baba yake akiambiwa. Tukacheka wote wawili, cheko la ovyo tu. Bajaji ilikuwa inakatiza Uhindini. Mji wetu tuliachiwa na wakoloni umegawanywa kwa rangi, huku Uzunguni, huku Uhindini, na majina yamebaki hadi leo.

Lakini kilichonifanya niandike ni kijana msusi. Alipanga chumba cha uani kwa mama huyohuyo, kupitia kwangu. Kijana wa sauti ya chini, nadhifu, kodi yake haijawahi kuchelewa. Mabinti wa mtaa mzima walikuwa wake. Binti wa mama alipofanyiwa sendofu, yeye ndiye alimsuka usiku kucha, nywele nyembamba zile za kuumiza vidole, na asubuhi mama akamtunza elfu ishirini mbele za watu huku akipiga vigelegele.

Baada ya miezi miwili rafiki yake akahamia kugawana naye kodi. Vijana wawili wa bodaboda chumba cha pili walikuwa wanalala kitanda kimoja tangu Januari, na hao waliitwa wabana matumizi. Kwa msusi yakaanza maneno: yule si riziki. Wakamwita shoga, neno ambalo mama zetu wa pwani wanaitana wao kwa wao kwa mapenzi. Hakuna aliyeona kitu. Akapewa siku tatu, na kodi ya miezi minne iliyobaki hakurudishiwa. Mama aliniambia anaogopa sheria.

Sheria ipo, kweli. Ni kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kuingiliana "kinyume cha maumbile", tulichorithi kwa Mwingereza, na adhabu yake ni kuanzia miaka 30 hadi maisha. Kimeandikwa kwa "mtu yeyote", kwa hiyo kinamgusa hata mwanamume na mkewe chumbani kwao, ingawa sijawahi kuona mpangaji mwenye ndoa akihojiwa kuhusu hilo. Na iko miaka 30 mingine. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka hiyohiyo anayempa mimba mwanafunzi. Katika uwanja uleule, nyumba ya mbele, alikuwepo baba mtu mzima aliyempa mimba binti wa kidato cha pili. Wazee walikaa, pakatajwa ng'ombe, jambo likaisha. Binti hakurudi shule, japo serikali iliruhusu warudi tangu Novemba 2021. Baba yule bado ni mpangaji. Anaitwa mzee, na mama humpelekea mboga.

Siku ya msusi kuhama nilimsaidia kubeba godoro, kioo na drayeri. Mama alisimama mlangoni akatuombea safari njema. Sikumwambia neno, ana nyumba tatu, na kila mpangaji mpya ni kodi ya mwezi mmoja mfukoni mwangu. Hilo nalo liandikeni.

Yule nesi nilimpeleka soko la Majengo, akanunua pete ya elfu tatu, kesho yake akapata chumba Nkuhungu. Tangu hapo kila mwanamke anayekuja kwangu peke yake namwambia aanzie kwenye pete. Mwezi uliopita nesi kanipigia simu: kidole kimeanza kugeuka kijani, na mwenye nyumba anauliza mume atarudi lini kutoka Mwanza. Nikamwambia aseme mradi umeongezewa muda.

Dalali, Dodoma