Maswali ya Wasomaji: Zinki Haina Sumaku, Mbona Inaongeza Usumaku?

Barua tatu za mwezi huu zinahusu feraiti, ile oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine.

SWALI: Ninatengeneza nanochembe za feraiti ya nikeli na kuzidopu kwa zinki, yaani kuweka zinki mahali pa sehemu ya nikeli. Usumaku wa ukomo, yaani ule mkubwa kabisa ambao chembe zinaweza kuufikia, ulipanda hadi zinki ilipochukua sehemu 0.4 ya nafasi ya nikeli, kisha ukaanza kushuka baada ya 0.5. Zinki yenyewe haivutwi na sumaku. Inaongezaje usumaku, na kwa nini baadaye inaushusha?
*Mwanafunzi wa uzamili, Chiromo*

JIBU: Kabla ya kuuliza zinki ni kiasi gani, uliza imekalia wapi. Fuwele ya feraiti, iitwayo spineli, ina viti vya aina mbili. Kiti A kimezungukwa na oksijeni 4, kiti B na oksijeni 6, na kwa kila kiti kimoja cha A chenye ioni kuna viwili vya B. Ioni za A zinaelekeza usumaku wao upande mmoja, za B upande wa pili. Kwa hiyo mashine yako inapima tofauti tu: B ukitoa A. Aliyeieleza hesabu hii ni Louis Néel, mwaka 1948, na kazi yake kuhusu usumaku wa namna hii ilimpatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970.

Sasa tukae na feraiti yako. Kabla ya zinki, A ina ioni moja ya chuma yenye magnetoni za Bohr 5, hicho kikiwa kizio cha kupimia usumaku wa ioni moja. B ina chuma kimoja, 5, na nikeli moja, 2. Chuma cha A na cha B vinafutana, inabaki 2 ya nikeli. Zinki hupenda kiti A. Ikiingia, inakihamisha chuma kilichokuwapo kwenda B, huku nikeli ikipungua kwa kiasi hicho hicho. Upande mdogo umepungua na mkubwa umeongezeka kwa mara moja. Andika kwenye karatasi utaona jumla ni 2 + 8x, x ikiwa ni kiasi cha zinki, yaani kwa x ya 0.4 unapata 5.2.

Hesabu hiyo ikiachwa iendelee ingekupa 10 kwa feraiti ya zinki tupu, ilhali bonge la kawaida la feraiti hiyo halishiki sumaku kabisa kwenye joto la chumbani. Sababu ni kwamba ioni za B hazielewani zenyewe kwa zenyewe. Kinachozilazimisha zielekee upande mmoja ni chuma kilichoko A. Kikipungua huko, zinaanza kuinamiana pembeni, jambo lililoelezwa na Yafet na Kittel mwaka 1952. Kwa nikeli na zinki, mgeuko huo huja karibu na nusu, kama ulivyoona. Halijoto ya Curie, ile ambayo juu yake usumaku hupotea, nayo inashuka: feraiti ya nikeli ni karibu nyuzi 585 za sentigredi, na zinki ikifika nusu huwa chini ya 300.

Lakini usiitupie zinki lawama zote kabla ya kupima ukubwa wa chembe. Ioni za juu ya chembe zimekosa majirani na mpangilio wao umevurugika. Chembe ya nanometa 10 yenye ganda lililovurugika la nanometa 1 ina kiini cha nanometa 8. Kipeo cha tatu cha 0.8 ni 0.51, kwa hiyo karibu nusu ya ujazo wote haikuchangii chochote cha maana. Kama zinki ilibadilisha pia ukubwa wa chembe, na mara nyingi hubadilisha, unalinganisha vitu viwili kwa pamoja bila kujua. Tumia kilele kiitwacho 311 kwenye mchoro wa eksirei, karibu na pembe ya nyuzi 35.5, na kanuni ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa chembe kutokana na upana wa kilele. Upana wa nyuzi 0.8, ukishaondoa upana wa mashine yenyewe, unatoa nanometa 10 na ushee kwa mnururisho wa shaba wenye urefu wa wimbi wa nanometa 0.15406. Wengi hukosea mara mbili hapa: wanaacha upana katika nyuzi badala ya radiani, au wanatumia pembe nzima ya 35.5 badala ya nusu yake.

SWALI: Tulipima chumvi kwa makini ili tupate nikeli nusu na zinki nusu, tukamimina amonia hadi pH ya 10. Uchunguzi ulionyesha nikeli na zinki ni pungufu. Maji ya kusuuza yalikuwa ya samawati.
*Kikundi cha wanafunzi, Kahawa*

JIBU: Ile samawati ndiyo nikeli yenu iliyomwagwa. Amonia hushikana na nikeli, zinki, shaba na kobalti na kuziyeyusha upya, hata pale pH inapoonyesha kwamba zingepaswa kutuama. Zinki huondoka vilevile, ila haina rangi ya kuwashtua. Anayetumia njia ya jeli ya asidi ya sitriki anaweza kutia amonia bila hasara, kwa sababu yeye hasuuzi kitu, anakausha na kuchoma vyote. Ninyi mnaochuja, tumieni sodiamu hidroksidi.

Kwa moli 0.01 ya feraiti pimeni gramu 1.45 za nitrati ya nikeli, 1.49 za nitrati ya zinki, zote zenye maji 6, na 8.08 za nitrati ya chuma yenye maji 9. Hii ya mwisho hunyonya unyevu upesi. Fuwele nzuri ni za zambarau hafifu. Zikiwa zimegeuka uji wa kahawia chupani, mzani utawadanganya. Yeyusheni zote katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba hapana.

Hidroksidi inayotosheleza ni gramu 3.2, nayo katika mililita 100. Mimineni chumvi ndani ya hidroksidi, si kinyume chake, huku mkikoroga kwa nguvu. Mkidondosha hidroksidi kwenye chumvi, chuma hutuama kwanza kwenye pH ya 2 hadi 3, na nikeli na zinki husubiri hadi 7 au 8, hivyo mnapata tabaka badala ya mchanganyiko. Malizieni kwa matone ya hidroksidi hadi pH ya 10.5 au 11 na msipite hapo, maana zinki huyeyuka tena kwenye hidroksidi kali.

Pasheni kwa saa moja kwenye nyuzi 85 hadi 90. Nairobi iko juu, maji huchemka karibu na 94, kwa hiyo maelekezo ya kigeni yanayotaka 95 yatawakaushia bika. Suuzeni hadi maji yafike pH ya 7. Sodiamu ikibaki huvuruga vipimo vya umeme. Kausheni, kisha tanuri nyuzi 600 kwa saa 3. Mavuno kamili ni gramu 2.38, nayo yakizidi hapo jueni kuna sodiamu au maji.

SWALI: Nilibadilisha koa ya transfoma ya pawasapulai, yaani kile kipande cha feraiti kinachozungushiwa waya, nikaweka nyingine ya umbo na rangi ileile. Inachemka vibaya. Nitazitofautishaje?
*Fundi, Luthuli Avenue*

JIBU: Fundi, huenda umeweka feraiti ya nikeli na zinki mahali pa feraiti ya manganizi na zinki. Pawasapulai za kilohezi 50 hadi 100 hutumia manganizi. Koa nyingi za nikeli ni za masafa ya juu zaidi au za kuzima kelele za umeme, na uwezo wao wa kupitisha usumaku ni mdogo, hivyo koili inavuta mkondo mkubwa bure.

Weka multimita kwenye ukinzani, bana ncha mbili kwenye sehemu isiyopakwa rangi, sentimita moja kati yake. Manganizi huonyesha kiloomu kadhaa hadi mamia. Nikeli haionyeshi kitu, mita inasema nje ya kipimo. Tofauti hiyo inatokana na elektroni kuruka kutoka chuma cha chaji 2 kwenda cha chaji 3 kwenye viti B vilivyo jirani. Koa ya manganizi na zinki huwa na chuma cha chaji 2 cha kutosha, kwa hiyo umeme una njia. Viwanda huongeza chembechembe za oksidi ya kalsiamu na silika, sehemu ndogo ya asilimia moja, ili zikae kwenye mipaka ya fuwele na kuzuia mikondo inayozalisha joto. Hata koa nzuri ya nikeli huharibika tanuri likizidi moto: zinki hupaa na kuacha chuma cha chaji 2 nyuma yake.

Ukipata koa sahihi, angalia pia kama ile ya zamani ilikuwa na mwanya katikati. Kama ulikuwapo, rudisha wa upana uleule, na ukiunganisha vipande vilivyopasuka, gundi yenyewe ni mwanya mwingine.