Shangazi Anajibu: Bustani ya chai isiyo na shamba la chai

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi mitumbwi, mwalo wa Kirumba. Mwezi wa 7 nakwenda San Francisco kumtembelea dada yangu, naye ameshapanga siku ya kwanza anipeleke kwenye bustani ya Kijapani ya chai. Mashamba ya chai nimeyaona Mufindi, kilima kwa kilima. Sasa nivuke bahari nikaangalie majani ya chai? Kuna nini pale?*
— Msomaji, Kirumba, Mwanza

Marahaba mwanangu. Shamba la chai hutaliona. Bustani inaitwa ya chai kwa sababu ndani mna kibanda cha kunywea chai, kando ya bwawa. Iko ndani ya Golden Gate Park, eneo kubwa la mapumziko la jiji hilo. Ilianza kama sehemu ya maonyesho makubwa ya mwaka 1894, na hakuna bustani ya Kijapani ya umma iliyo kongwe kuliko hiyo katika Marekani nzima. Nilifika huko nilipokwenda kumsaidia binti yangu aliyejifungua. Niliingia mara tatu.

Wewe fundi, anzia kwenye daraja la ngoma. Ni la mbao, limepinda mno hata unalipanda kwa mikono na miguu kama ngazi. Kivuli chake majini hukamilisha duara, ndipo unapoona kwa nini likaitwa la ngoma. Angalia maungio yake, kisha uniandikie.

Halafu nenda kwenye bustani ya mawe, iliyobuniwa na Nagao Sakurai mwaka 1953. Pale maji ni changarawe iliyochorwa kwa reki, na visiwa ni mawe. Sisi wa Mwanza mawe tumezaliwa nayo, Mungu kayapanga mwenyewe kuanzia Bugando hadi mwamba wa Bismarck, wala hatuyaangalii mara mbili. Kule kila jiwe mtu kalichagua, kaligeuza, kalizika sehemu. Nilikaa nikitazama changarawe ile mpaka nikaliona ziwa letu asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Ila ninachotaka hasa ukione ni jiwe moja karibu na lango, lenye bamba la shaba. Wengi hulipita mbio wakiwahi kupiga picha. Limewekwa kwa heshima ya familia ya Makoto Hagiwara, mhamiaji kutoka Japani aliyeikuza bustani ile na kuishi humohumo hadi alipofariki mwaka 1925. Watoto na wajukuu wakaendelea kuitunza. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, Marekani ikawakusanya watu wenye asili ya Kijapani wapatao 120,000 na kuwafungia kambini, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa hapohapo. Familia ya Hagiwara nayo ikaondolewa. Nyumba yao ikabomolewa, na hata jina la Kijapani likafutwa kwenye bustani. Lilirudishwa mwaka 1952. Familia haikurudishwa. Bamba lile ni la mwaka 1974, kazi ya Ruth Asawa, msanii ambaye naye alifungiwa kambini akiwa msichana.

Marehemu baba yangu alitunza bustani ya watu Capri Point miaka 22. Waliponunua wengine, aliambiwa asubuhi, jioni akatoka na panga lake na reki. Kwa hiyo mbele ya jiwe lile nililia, na binti yangu hakuniuliza. Simama hapo kwanza, mwanangu, ndipo uingie.

Chai yenyewe ni ya kijani, haina maziwa wala tangawizi. Iliyosagwa unga huitwa matcha. Hupigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka itoe povu. Ni chungu. Usiombe sukari, ichukue kwa kitafunwa kitamu wanachokuletea, funda dogo dogo.

Nenda asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Basi namba 5 linapita barabara ya Fulton, pembeni mwa Golden Gate Park. Mwambie dada yako mshuke mtaa wa 8, mtembee kidogo. Na usiidharau baridi: mwezi wa 7 ukungu wa baharini huko hushuka mpaka kwenye miti. Mimi nilikwenda na kitenge na ndala, nikaazimwa koti la mkwe. Beba sweta.