Sarafu ndogo, thamani kubwa

SWALI: Mwanangu ana miaka mitano. Nikimwekea shilingi 1 na shilingi 5, huchagua ya shilingi 1 kwa kuwa ni kubwa. Nimfundisheje? – Mama Baraka, Nakuru

JIBU: Mama Baraka, mtoto wako hajakosea kufikiri. Macho yake yanapima ukubwa, nayo shilingi 5 yetu kweli ni ndogo kuliko shilingi 1. Usimkemee.

Tafuta sarafu za toleo la 2018 pekee, kwani zikichanganyika na za zamani zenye sura za marais atababaika. Osha kwa sabuni: kumi za shilingi 1, nne za 5, mbili za 10. Mwanzo azitambue kwa wanyama: twiga ni 1, kifaru 5, simba 10.

Kisha leta maharagwe. Chini ya twiga aweke punje moja, chini ya kifaru tano, chini ya simba kumi. Hapa ndipo penye kazi, kaeni hata wiki nzima, dakika kumi kwa siku. Akihesabu vifaru watatu kuwa "tatu", mgongeshe kidole mara tano juu ya kila kifaru huku akiendelea kuhesabu hadi 15.

Mchezo wa duka ufuate baadaye: vizibo vya soda kwa shilingi 3, kijiko kwa 7. Mwanzoni alipe kiasi kamili. Chenji ingojee hadi ahesabu kurudi nyuma kutoka 10 bila kukwama.

Kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, sarafu zote zihesabiwe kabla ya kufungiwa, maana humkaba kooni haraka.