Kabla hujatuma mabegi Komoro, soma yaliyonikuta

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia inboksi, "Dada, nina mabegi mawili ya nguo za watoto nataka yafike Komoro, nianzie wapi?" Nikacheka peke yangu, halafu roho ikaniuma, maana huyo ni mimi kabisa wa 2019.

Mnaonifuata mnajua bibi yangu mzaa mama ni Mngazija, Unguja tumejaa. Aprili mwaka ule kimbunga Kenneth kikapita Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro walikotoka Wangazija, migomba chini, minazi chini, mapaa ya shule yameruka, nikaona picha za watoto wamekaa juu ya matofali nikasema hapa silali. Nikachangisha kila grupu la WhatsApp nililokuwemo mpaka watu wakaanza kuniblok. Maboksi kumi na moja! Nguo, viatu, na hapa ndo nilijiona mjanja, vitabu vya shule. Vya Kiswahili na Kiingereza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kule darasani mtoto anasoma kwa Kifaransa. Nyumbani wanaongea Kikomoro, kinafanana na chetu mpaka unadhani mmeelewana, mtu anakwambia marahaba, kumbe anakushukuru, wewe unajiuliza shikamoo umempa saa ngapi.

Bandarini sisimulii. Pesa niliyolipa kuyatoa yale maboksi ingetosha daftari za kijiji kizima.

Nikagawa, nikapiga picha. Watoto nimewapanga mstari kama wa paredi, kila mmoja na fulana yake kifuani. Kabinti kamoja, kama miaka minane hivi, kakajificha nyuma ya bibi yake, na mimi bila haya nikakavuta mkono. Bibi akanitazama, akasema taratibu tu kwamba ndugu zao wote wako Marseille, Ufaransa, usiku huu huu watamwona mjukuu wake kwenye picha anaomba nguo. Picha nyingine nilifuta. Nyingine nilipost, na laiki nilipata nyingi sana.

Kurudi, grupu likawaka, hela zimeenda wapi. Mtu niliyekula naye Idi kaandika eti nimepaulia nyumba. Risiti ninazo kwenye bahasha mpaka leo, akitaka aje.

Sasa ushauri wangu: uliza kwanza. Mwaka uliofuata nilinyenyekea nikampigia mwalimu mkuu wa shule moja ya kaskazini nikamuuliza mnataka nini, hakutaja nguo wala vitabu, akasema tangi. Ngazidja haina mito, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye mawe ya volkano, watu wanaishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga. Tangi la shule lilikuwa na ufa, kwa hiyo watoto wanatoka darasani na madumu kwenda kutafuta maji. Fundi wa palepale akaliziba, sisi watu wanne tukatuma hela, basi. Hakuna picha. Sijawahi kujivunia kitu kama lile tangi.

Kwa hiyo uliza, na uwaulize wanawake. Kule nyumba ni ya mwanamke, mume ndo anahamia, ukitaka kujua mtoto gani analala njaa muulize mama mkubwa wa mtaa, siyo kijana anayekupokea uwanja wa ndege. Hata faranga 10,000, kama euro 20, mpe yeye. Na usitegemee daftari peke yake, walimu wakigoma kwa mishahara daftari linalala begini.

Na nyie jamaa zangu Wangazija, nisemeni tu. Mtu anadunduliza miaka ishirini afanye harusi kubwa, dhahabu, ng'ombe, mji mzima unakula, halafu tangi la shule aliyosoma mwenyewe anamsubiri mfadhili kutoka Ulaya. Hao watoto ni wa nani? Si ndo watakaokuja kuicheza hiyo harusi?

Mdogo wangu wa inboksi, mabegi usiyafunge kwanza. Nipigie Jumapili jioni nikuunganishe na mama mdogo wangu yuko Moroni, ila jiandae, anaongea sana na vocha itakuwa yako.