Jibu: Shirika likifilisika, mkataba wa marubani unakufa?

Salaam mkuu. Umeuliza kama shirika lenu huko Marekani, sasa lililo chini ya Sura ya 11 (sehemu ya sheria ya ufilisi inayoipa kampuni nafasi ya kujipanga upya chini ya mahakama), linaweza kuufuta mkataba wenu kwa barua tu. Haliwezi. Kifungu cha 1113 cha sheria hiyo kinalitaka kwanza lilete pendekezo, liwape takwimu za kulipima, na likae nanyi mezani kwa nia njema. Likikwama hapo ndipo linakwenda kwa jaji.

Anzeni na takwimu. Nimekaa mezani upande wa wafanyakazi, na sijibu lolote kabla hesabu hazijafika. Kisha pitieni pendekezo kipengele kwa kipengele. Marubani wa American Airlines walikataa ofa Agosti 2012, na mwezi huohuo jaji akakataa ombi la kufuta mkataba kwa sababu ya vipengele viwili vya pendekezo la shirika: kusimamisha marubani kazi, na kuuza safari kwa ubia na mashirika mengine. Shirika likavirekebisha, Septemba jaji akaridhia. Kwa hiyo mkishinda mara ya kwanza, msiondoke mezani hata siku moja! Wenzenu waliendelea kujadiliana, wakapitisha mkataba mpya Desemba. Mbali na hayo, daini sehemu ya hisa za kampuni itakayotoka mahakamani.